Jirani Mpya wa Namba Kumi na Nne

Niliondoka Nakuru kwa sababu kisanduku kimoja cha redio kilikuwa kimeanza kuongea na jirani ambaye hakikupaswa kumsikia.

Ndugu zangu wa Kisauni, kule pwani, huniuliza kila likizo kazi yangu ni nini hasa, kwa hiyo nianzie hapo. Mimi na wenzangu hufunga visanduku kwenye mashamba ya milimani. Kila kimoja ni kidogo kama pakiti ya majani ya chai, kina betri ya kudumu miaka, na karibu muda wote kimelala. Kinaamka kidogo, kinapima mvua na unyevu wa udongo, kinampa jirani yake ujumbe, kisha kinalala tena. Jirani humpa jirani mpaka ujumbe ufike kwenye kipokezi kilicho juu ya paa la ghala la chama cha wakulima, sokoni Marani. Kazi yangu ni kuandika sheria za njia. Ujumbe usizunguke ukarudi ulikotoka. Mwenye betri dhaifu asibebeshwe mizigo ya wenzake. Jirani akifa, waliobaki watafute njia nyingine wao wenyewe.

Namba Kumi na Nne tuliifunga kwenye nguzo ya chuma katika boma moja ng'ambo ya Marani, chini ya bega la kilima. Siku zote ilipitisha ujumbe kwa Namba Kumi na Moja, iliyo juu yake, kwa sababu bega lile liliiziba isisikie upande wa pili wa bonde. Katika wiki ya tatu ya masika ikaiacha Kumi na Moja na kuanza kuongea moja kwa moja na Namba Sita, ng'ambo ya bonde. Redio ndogo namna ile haipenyi kilima. Nilimpigia simu Kerubo, mama wa nyumba ile, nikamuuliza ni nani amekihamisha kifaa.

"Hakuna mtu amegusa hiyo kitu, dada," alisema. "Iko tu pale karibu na kaburi ya mzee."

Kwa siku tisa, kila asubuhi, Sita iliisikia Kumi na Nne kwa nguvu kuliko jana yake. Siku ya kumi nikawasha gari.

Alhamisi kabla ya adhuhuri nilipita Nyansiongo, nikabadilisha betri kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Huko ardhi imefunguka, visanduku vinasikizana kutoka ua hadi ua. Ningependa kubaki.

Alasiri nilikuwa mjini Kisii, dukani kwa Bi Hansa, mama wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka lile la vifaa vya ujenzi. Nilinunua bomba la nguzo mpya. Akaniuliza ninakwenda wapi, nami nikamtajia kijiji na boma.

"Kwa kina Kerubo?" Aliacha kufunga kamba. "Huyo amenunua komeo tatu kwangu mwezi huu. Mlango mmoja. Nikamwambia, mama, mwizi gani huyu? Akasema si mwizi. Jioni wanafunga, asubuhi wanakuta wazi, na vitu vyote vipo."

Alimaliza kufunga kamba, nami nikalipa.

Ijumaa saa tatu asubuhi niliacha gari Marani, nikateremka kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshika migomba mpaka majani ya juu hayaonekani. Mtoni kulikuwa na chemchemi ambayo mara ya mwisho nilikunywa maji yake. Sasa ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kimya kimya, na hapakuwa na mtu wa kuteka. Mibuluu, ile mikaratusi iliyopandwa mpakani, ilikuwa imeinama yote upande mmoja, na siku ile hapakuwa na upepo.

Kerubo alinipokea uani, mikono ina unga. Mumewe yuko kazini Nairobi, na watoto wawili walikuwa shule. "Bwakire buya," nilimsalimu kwa Kigusii changu kibovu. Akatabasamu kidogo, akageukia nyumba akaita, "Baba! Baba!"

Nilisisimka, maana nilijua mzee wa boma lile alizikwa kabla hatujaja. Mlango ulikuwa wazi. Akatoka bibi kizee mwembamba, kitambaa kichwani. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Wagusii "baba" ni mama. Alikuwa Nyaboke, mama mkwe wa Kerubo, mjane wa mzee.

Tuliteremka kwenye nguzo. Nilitoa simu nikafungua picha niliyopiga siku tulipoifunga. Pichani nguzo imesimama kando ya kaburi lililosakafiwa saruji, na vyote viwili vinatazamana na mlango wa nyumba. Nikainua macho. Nguzo ilikuwa imesimama wima, kando ya kaburi vilevile, lakini mbele yavyo hapakuwa na mlango. Palikuwa na pembe ya jiko. Nilidhani nimesimama pabaya. Nikasogea, nikapima tena, nikahesabu hatua. Nguzo na kaburi vilikuwa vimeteremka hatua saba, pamoja, bila saruji kupata ufa.

Nyaboke alikuwa akinitazama. Alisema jambo polepole, na Kerubo akalitafsiri huku akitazama chini.

"Anasema mzee anatembea. Zamani akiamka alimwona katikati ya dirisha. Sasa anamwona pembeni."

"Amewaambia watu?"

"Wote. Jirani, watu wa kanisa, mpaka ofisi ya chifu. Wakasema ni majonzi. Hata mimi nilisema ni majonzi, dada."

Nilipanda hadi nyumbani nikipekua nyasi kwa bomba langu, nikitafuta ardhi ilipokatika. Chini ya baraza, penye majani makavu ya migomba, bomba lilizama lote. Niliyaondoa majani. Ufa ulikuwa wa upana wa mkono, ukapita chini ya kizingiti na kupotelea upande wa zizi. Kutoka ndani yake ilipanda hewa baridi, na chini kabisa nilisikia maji yakienda. Ndiyo maana hakuna komeo lililodumu: fremu ya mlango ilikuwa ikipindwa kila usiku. Na Kumi na Nne haikuwa imeharibika. Ilikuwa imetembea mpaka ikatokeza nje ya kivuli cha kilima, ikamwona jirani mpya, ikafuata sheria nilizoiandikia.

Nilimwonyesha Nyaboke orodha kwenye simu, ile inayoonyesha kila kisanduku kinasikika na nani na kwa nguvu gani. Nikamwambia, "Mama, kwa siku tisa kifaa hiki kinasema kimehama. Kilima chote kinashuka. Hamwezi kulala hapa leo."

Alisikiliza tafsiri, kisha akajibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Hiyo kitu imesema yenye mimi nilisema. Lakini wewe umekuja juu yake, si juu yangu."

Nilimwambia pole. Kisha akatazama jua kupitia ukungu. "Sabato inaingia jua ikizama. Mimi siwezi beba vyombo Sabato. Kama ni kutoka, ni sasa."

Saa saba tulianza. Kerubo aliita majirani, na wale wale waliosema ni majonzi walibeba vitanda, magunia, kuku, na ng'ombe akavutwa kwa kamba. Kila tulipoingia ndani, sakafu ilitoa mlio mdogo kama jino linalosagwa. Boma lililowapokea lilikuwa lile la Namba Sita, ng'ambo ya bonde, kwa waumini wenzao. Nyaboke alitoka wa mwisho. Alishuka kaburini, akaongea kwa muda, hakulia. Tulivuka mto jua likigusa kilima.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa, nami nilikaa Marani nikitazama orodha. Jumapili asubuhi nilirudi bondeni kuwaaga. Tulikuwa tunakunywa chai Kerubo aliponyosha mkono. Ng'ambo, migomba ilikuwa ikitembea imesimama. Halafu ukaja mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto lisilomaliza. Paa la nyumba lilikunjika, likazama. Ilipotulia, mahali pa boma palikuwa pekundu, patupu, panafuka mvuke. Hakuna aliyeumia. Nyaboke aliweka kikombe chini, akasimama akitazama pale kaburi lilipokuwa.

Jumatatu nilirudi Nakuru na kuongeza sheria moja: kifaa kikibadilisha jirani bila betri kufa, mtu atumwe akaone, na akifika aanze kwa kuuliza wenye nyumba. Sehemu hiyo ya mwisho haimo kwenye mitambo. Nimeiandika kwenye karatasi ya mafundi.

Jioni ile niliona Namba Kumi na Nne ingali kwenye orodha. Sijui kama ncha ya antena ilibaki nje ya tope au la. Kila saa iliamka, ikaita, na Sita ikaipokea. Unyevu wa udongo: kiwango cha juu kabisa. Nilimpigia Kerubo, na Nyaboke akachukua simu.

"Hiyo kitu bado inaongea?"

"Bado, Mama. Inaongea na kifaa cha hapo mlipo."

"Usiizime," alisema. "Mzee yuko nayo hapo chini."

Sikuizima. Iliita kwa siku kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuita, nikachukua simu kumpa habari. Kabla sijasema lolote alinipokea kwa sauti ya utulivu: "Najua, mwana wangu. Asubuhi imekuwa kimya."