Mstari Wenye Neno "Kimya"

Niliporudi kutoka Tanzania na diploma yangu ya kompyuta, ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani, karibu na kivuko cha mpakani cha Grande Barrière, haikuwa na mtu mwingine wa kuandika programu. Niliiandika peke yangu. Kisha nikabuni faili ya mipangilio, ya kuiambia programu iweke kumbukumbu zipi: kila karani mstari wake, na mbele ya jina lake neno moja kati ya matatu, "kimya" ili lisiandikwe lolote, "makosa" ili yaandikwe makosa tu, au "yote" ili kiandikwe kila anachobonyeza.

Wenzangu niliwapa "makosa". Karani mmoja, mama mzee aliyezoea kuniita Bwana Diploma kwa kejeli mbele ya madereva wa malori, nilimpa "yote". Hata herufi aliyoifuta na kuirudia iliandikwa.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi alichapisha kumbukumbu. Za wengine zilikuwa nusu ukurasa, za mama yule kurasa kumi na moja, naye akadhani zote ni makosa. Akamfuta kazi na kumwamuru akabidhi funguo za ofisi.

Mama alizipekua karatasi polepole. "Bon, Bwana Diploma, na karatasi ya wewe iko wapi?"

"Mimi sikosei, mama," nilimjibu, na madereva wakacheka.

Mstari wangu ulisema "kimya", na aliyejua kuisoma faili ile ni mimi tu.