Balerina wa Kibamba

Jumamosi ile nilitoka Kibamba na binti yangu Neema kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu. Gisela, Mjerumani ninayemfundisha Kiswahili, alikuwa ameandika: "Mwalimu, nahitaji balerina mweusi, haraka. Leo mchana nina wageni."

Neema ana miaka kumi na sita na anajifunza baleti, kucheza kwa ncha za vidole, kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa hajawahi kualikwa popote. Alipousoma ujumbe alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Saa nne tulikuwa Mbezi Mwisho, tukakodi bajaji ya kupitia Goba. Dereva aliitazama sketi ya Neema iliyofura kama mwavuli.

"Sista, unaolewa?"

"Mie ni balerina," Neema akajibu, kidevu juu.

Saa tano, Mbezi Beach. Gisela alitufungulia geti akiwa peku, mguu mmoja umevimba kidogo.

"Karibuni! Iko wapi?"

"Huyu hapa," nikasema. Neema akasimama kwa ncha za vidole, mikono juu.

Gisela akanitazama mikononi. "Lakini… balerina ya kuvaa?"

Kumbe kwao Ujerumani neno hilo ni kiatu cha kike cha chini, kisicho na kisigino. Alikuwa ameteguka, viatu virefu havivaliki. Kuhusu "mweusi", hapo ngeli zilimshinda, na mwalimu wake ni mimi. Mgeni wake mmoja aliyewahi kufika, Mwitaliano, akaongeza kwamba kwao ni mwanamke yeyote anayecheza, na pia ni kandege fulani kanakotingisha mkia. Tukacheka sote, isipokuwa Neema.

"Kwa hiyo, baba, alitaka kiatu, nikaja mimi?" Machozi yalimlengalenga.

Gisela aliinama akaitazama miguu ya Neema: viatu vyeusi, laini, vya chini.

"Namba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Kama mimi! Niazime, kisha utuchezee. Tafadhali."

Neema akafuta macho, akavua. Alicheza peku kwenye vigae vya baraza, kimyakimya, mpaka dada wa jikoni alipofungulia muziki wa singeli, ule wa kasi, kwenye simu yake. Hapo mabega yakaingia kazini. Mwitaliano alisahau chakula chake.

Jioni tulirudi, Neema kavaa kandambili za Gisela. Nilimwambia nimejifunza jambo: neno likitoka kwa watu wengine, waulize maana yake kabla ya kufunga safari.

Neema akatabasamu. "Mie nashukuru hukuuliza."