Mbeleko za Ephraïm

Mnanichosha. Kila mgeni akipita hapa Bwera mpakani lazima mumlete kwangu: "Mama, mwambie ile ya mtoto wa Aimée." Kwani Aimée mwenyewe hana mdomo? Na leo mmeleta na kalamu, eti niandike, mimi ambaye shule niliiona mlangoni tu. Haya. Nitaandika kama ninavyosema, na atakayecheka herufi zangu aje alime shamba langu tuone nani hodari.

Aimée alivuka daraja la Mpondwe akiwa msichana, kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, na kitunga, kikapu chetu kikubwa, mgongoni. Nyinyi wa mijini hamjui kitunga kinavyobebwa kwetu. Mshipi unapita chini ya kitunga, unapanda, unakaa kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inafanya kazi. Mtu anainama kidogo, macho chini, mikono huru, anakwea mlima. Kwa shingo hiyo Aimée alikula na kuvaa. Chumvi ya ziwani Katwe ikishushwa na lori hapa Bwera, yeye aliipeleka ng'ambo. Akirudi, alirudi na maharage. Wanaume walimwona akiinuka na mzigo, wakaacha kujisifu. Akaolewa na Katembo, fundi wa pikipiki, akashika mimba, na bado alibeba. Watu walimsema. Akawajibu kwamba shingo haina mimba.

Kisha Ephraïm akazaliwa, kwa kisu, hospitalini, na nesi akamkataza mama mizigo. Aimée akaukunja mshipi wake, akautundika msumarini. Na mtoto akaanza kulia.

Akilazwa, analia. Akibebwa, analia zaidi. Walimpima, wakasema mzima, uzito mzuri, hana kasoro. Sokoni walimpa jina la Afande, kwa sababu alifokea kila mtu bila kuuliza cheo chake.

Aimée, ambaye hakuna mzigo uliowahi kumshinda, akashindwa na huyu mdogo. Alimfunga mgongoni kwa kitenge kilichochakaa, laini kama shavu. Mtoto akajipinda kama samaki mkononi. Akatafuta kitenge kipya, kigumu, kinachoshika vizuri. Yowe lile lile. Jirani yake Komuhangi, mama wa kabila la Kitooro, akamletea ngozi ya kondoo ambayo yeye mwenyewe alibebewa, ya kizamani, yenye manyoya. Kwa joto letu la hapa chini, mtoto akatoka jasho mpaka masikioni, na kilio juu yake.

Ndipo Wivine, anayeuza mitumba ya watoto, akamwita kwenye meza yake.

"Jaribu hii, Mama Ephraïm. Inaitwa kanguru. Bazungu beko nabebea batoto babo kifuani. Iko na mahali ya shingo, mahali ya matako, yote."

"Na mahali ya kilio?"

"Hiyo utamuuliza aliyeshona."

Wakamvalisha, wakabana vifungo vya plastiki, ka, ka, ka. Afande akanyamaza. Akaangalia kifungo kimoja, akaangalia cha pili. Wanawake wa meza za jirani wakaanza kupiga makofi. Mtoto akavuta pumzi ndefu, mishipa ya kichwa ikasimama, kisha akaachilia yowe ambalo lilimfanya muuza kuku aachie kamba ya kuku wake.

"Afande amekataa," Wivine akasema. "Rudisha silaha stoo!"

Soko lote likacheka. Aimée alicheka pia, lakini alifungua vile vifungo bila kumtazama mtu. Alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mama mkwe wake, Kabugho, alikuwa ametuma habari kutoka Butembo, ng'ambo ya daraja, kwamba anakuja kumchukua mtoto.

Na alikuja. Mama mrefu, mkavu, mwenye kovu la mshipi kwenye paji, kwa sababu naye alikulia chini ya kitunga. Alimsikiliza mjukuu akilia usiku mzima, na asubuhi akasema.

"Binti yangu, kule kwetu tuko bamama wengi. Huyu akichoka, yule anapokea. Hapa uko peke yako, na kazi yako inapotea. Wenye chumvi wameanza kutafuta shingo zingine. Siku ya soko nitaenda na mutoto."

"Mama, bado ananyonya."

"Atakunywa ya ng'ombe. Bwana yako nilimukuza namna ile, si huyu hapa?"

Katembo akatazama mafuta ya pikipiki kwenye kucha zake. Kwetu mama mkwe hajibiwi mara mbili, na Aimée alikuwa amekwisha kujibu mara moja. Alihisi maziwa yakimtoka na kulowesha blauzi, kama vile kifua chenyewe kimesikia. Akaomba neno moja tu.

"Basi niwasindikize mpaka daraja. Na kitunga yenu nitabeba mimi."

Kovu lake la kisu lilikuwa limekauka, na nesi alishamwambia anaweza kuanza tena taratibu. Lakini sikufichi: aliomba kwa kiburi. Kama mtoto lazima aondoke, basi yeye ndiye atamfikisha.

Siku ya soko ikafika. Kabugho akapanga kitunga: nguo za mtoto, khanga yake mwenyewe, na chumvi, nyingi, maana hakuna anayerudi Butembo kutoka kwetu bila chumvi. Aimée akautoa mshipi msumarini. Mgongo ulikuwa na mzigo, kwa hiyo akamfunga mtoto kifuani, kwa kile kitenge kilichochakaa, cha kwanza kabisa kukataliwa. Ephraïm alilia kama kawaida yake. Mama akapiga magoti, akaweka mshipi kwenye paji, akainama, akainuka.

Akaanza kutembea kuteremka kuelekea mtoni, kwenye daraja.

Kilio kilipungua kama mvua inayohamia mlima mwingine. Kikawa kwikwi. Kikawa hakuna.

Aimée alidhani pumzi ya mtoto imekatika. Alisimama, akafunua kitenge. Ephraïm akafumbua macho, akamwona, akaanza kulia. Mama akatembea, mtoto kimya.

"Simama," Kabugho akasema nyuma yake.

Akasimama. Kilio.

"Tembea."

Kimya.

"Tua muzigo. Tembea mutupu."

Akatua, akatembea bila mzigo, kitenge kile kile, kifua kile kile, njia ile ile. Mtoto akapiga yowe. Akajitwika tena, akainama chini ya mshipi, akapiga hatua zile fupi za wabebaji, na Ephraïm akalala. Midomo ikicheza kama ananyonya. Kiganja kimefunguka juu ya kifua cha mama yake.

Sisi tuliokuwa tukienda sokoni tukasimama. Hakuna aliyemwita Afande. Kabugho akakaa juu ya jiwe kando ya njia.

"Wakati ya mimba, ulibeba mpaka siku gani?"

Aimée aliona haya. "Mpaka asubuhi ile, Mama. Uchungu ulinikuta hapa hapa njiani, na chumvi mugongoni."

Kabugho akafunika mdomo kwa mkono. Halafu vidole vikapanda polepole mpaka kwenye kovu la paji lake, vikakaa hapo.

"Mutoto eko anajua hii njia," akasema. "Kabla ya macho, aliijua."

Mimi nimeona mlima wetu ukifungua mawingu asubuhi, barafu ikawaka juu, na wenye mizani sokoni wakasahau wanachopima. Siku ile njiani ilikuwa hivyo. Mule tumboni hakuna taa. Nani alimfundisha? Alisikia nyayo, akasikia pumzi ya mama inavyokatwa na mshipi, na moyo unavyogonga chini ya uzito, na chumvi ikiyumba kushoto na kulia. Akazaliwa, na vyote vikanyamaza siku moja. Sisi tukawa tunambadilishia nguo: pamba, ngozi, vifungo. Na yeye analilia mwendo.

Pale darajani Kabugho aliinua kitunga ili ajitwike. Uzito ulipomtoka mama, mtoto akakunja uso, mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Mama mkwe akacheka na machozi yakatoka. Akachomoa khanga yake peke yake. Nguo za mtoto akaziacha, na chumvi yote akaiacha, kisha akamrudishia Aimée mshipi kwenye paji kwa mikono yake mwenyewe, akiunyoosha kama anavyofanyiwa binti siku yake ya kwanza ya kubeba.

"Rudi naye. Na usirudi mutupu, afande huyu atakufokea mpaka nyumbani."

"Na chumvi yenu, Mama? Watawauliza."

"Nitawaambia mujukuu wangu anaihitaji ya kulalia."

Akavuka daraja na khanga begani. Aimée akapanda kilima cha Bwera na chumvi ambayo sote tunajua huwa inateremka tu, na watu wakampisha njia, na mtoto akalala mpaka mlangoni.

Nimemaliza. Sasa zamu yako, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kama mama yako yu hai, nenda kwake leo, umuulize alifanya kazi gani ulipokuwa tumboni, na alitembea vipi. Kisha uje unieleze kwa mdomo. Karatasi usilete, mimi na karatasi tumemalizana.