Ukoo umenichagulia mji wa kusomea Kihispania

Leo nimeenda kijijini kwetu Makere kuaga tu, nimerudi Kasulu nimeshachaguliwa mji!

Kazini wamenipa wiki tatu nikasome Kihispania huko Hispania. Mji nichague mwenyewe, Salamanca au Valencia. Mimi nilitaka Salamanca.

Ukoo ukakaa kikao, baba mdogo akauliza swali moja: "Huko Salamanca kuna nani wetu?"

Hakuna.

"Basi huendi. Mtoto wetu halali kwa watu asiowajua."

Kumbe Valencia yupo kaka mmoja wa Munanila. Akapigiwa video hapo hapo, simu ikazunguka kikao kizima, kila mtu anamsalimu "mwakeye, mwakeye," Kiha kitupu.

Nikamuuliza, kaka, Kihispania ulikijua baada ya muda gani?

Akacheka. "Mwaka wa tisa huu, dada, sijakihitaji! Tupo Waha sita nyumba moja, na kazini tupo wote. Wewe njoo tu."

Kikao kikapiga makofi. Makofi, jamani!

Sasa hivi nimekaa na mfuko wa maharage na unga wa muhogo wa kumpelekea.

Watu wa Kibondo msinicheke, najua na nyie ukoo mnao.

Nikirudi, bosi akinijaribu kwa Kihispania, nitamwitikia vizuri tu: "Mwakeye!"