Siku Tuliyomposea Jogoo Mke

Kaka yangu anaendesha lori kati ya Kampala na Kigali, na safari moja aliniletea mayai ya kuku wa Brahma, ameyaviringisha ndani ya fulana zake kama vyombo vya kioo. Alikuwa amechoka kuonyeshwa picha kwenye simu yangu: kuku wakubwa kupita kiasi, wapole, wenye manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu, utadhani wamevaa soksi.

Barabara haikuyahurumia. Niliyaweka chini ya kuku wangu wa kienyeji, mweusi, mdogo, mwenye hasira za karibu. Aliyaatamia bila kuchoka, na mwishowe likaanguliwa moja tu.

Wakati huo Baba alikuwa amehamia kwangu Gikondo, hapa Kigali. Tangu Mama afariki alikuwa ameacha mambo mengi, na kubwa kuliko yote aliacha kuongea. Hilo halikuwa jambo dogo. Baba alilelewa Bujumbura, akarudi Rwanda na Kiswahili chake na ulimi ambao familia nyingi ziliuazima. Kwenye harusi zetu, kabla binti hajatolewa, wasemaji wa pande mbili huketi wakitazamana na kushindana kwa maneno mbele ya wageni. Baba ndiye aliyeitwa kusemea upande wa bwana harusi. Kule Gatsata tulikokuwa tukiishi, watu hawakupanga siku ya harusi kabla ya kumuuliza kama ana nafasi. Baada ya msiba walimwita, akatikisa kichwa. Wakamwita tena, akatikisa kichwa. Halafu wakaacha kumwita.

Kila asubuhi aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba changu cha kushonea, akitazama magereji ya ng'ambo ya barabara. Nilimpa chai, akanywa. Nilimuuliza kama amelala vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Kifaranga naye akawa anakua. Kufikia umri ambao vifaranga wa kienyeji hujitegemea, huyu alikuwa amempita mama yake kimo, lakini mawingu yakikusanyika tu, alikimbilia chini ya mbawa zake. Alasiri moja mvua ilianza ghafla. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Niliacha cherehani nikatoka. Baba alikuwa anacheka. Yule mtoto alikuwa ameinamisha kichwa na kujisukuma chini ya mama yake, kisha akasimama wima, na mama akabaki hewani, miguu inaning'inia, akipiga kelele za kuomba msaada.

"Mwanangu," Baba akasema huku akifuta machozi, "njoo uone mama anavyobebwa na mtoto wake mchana kweupe!"

Kuanzia siku hiyo kuku akawa wake. Mvua ikinyesha, ule udongo wetu mwekundu ulimganda kwenye manyoya ya miguu, na Baba alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha kwa taulo ambalo sikuruhusiwa tena kulitumia. Alitoka rangi ya asali, mwenye mkia mweusi. Alichelewa sana kuwika, tukadhani ni jike, mpaka asubuhi moja alipotoa sauti kama ya gari linalokataa kuwaka. Mafundi wote wa gereji ya mbele waligeuka kutafuta ni gari la nani.

Nilikuwa na mteja wa Kanombe, mke wa askari mstaafu. Siku aliyokuja kujaribu gauni lake alimkuta jogoo amesimama mlangoni.

"Yewe, fundi! Hii ni jogoo ama ni mbwa?" Alipomaliza kumzunguka akasema, "Bwana yangu iko na kuku kama hii, lakini nyeupe. Jogoo ilikufa. Sasa mayai haitoi kitu."

Akampigia mumewe palepale, akaweka simu kwa sauti kubwa. Bwana huyo alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilijaa chumba kizima.

"Nitawapa mtetea mmoja mzuri sana, na vifaranga tutagawana," akasema. "Lakini sikilizeni. Mimi simtoi binti yangu hivihivi. Mje mpose, kama watu!"

Alikuwa anatania. Mimi na mkewe tukacheka. Baba hakucheka. Alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Afande," akasema, "tutakuja Jumapili baada ya misa. Andaeni viti."

Jumapili alivaa koti ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi. Aliomba fimbo yake, akaomba kreti ya Fanta, akaomba pia nimshonee jogoo kifuniko cha kitenge cha kapu lake, kwa sababu bwana harusi haingii ukweni akiwa wazi. Nikashona.

Kule Kanombe viti vilikuwa vimepangwa mistari miwili ikitazamana, na majirani walikuwa wameshajaa uani. Bwana mwenye nyumba alisimama.

"Karibuni, wageni. Naona mmepotea njia."

"Hatukupotea," Baba akajibu. "Tumesikia hapa kuna binti aliyelelewa vizuri."

"Binti? Hapa hatuna binti. Tuna mahindi na maharage tu."

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, mtetea mmoja akataga yai na kuanza kutangaza. Watu waliangua kicheko. Baba alisubiri. Nilimwona anavyosubiri, fimbo imetulia mkononi, kama zamani, akiwaachia watu wacheke mpaka waishe.

"Maharage yenu," akasema, "yanaimba vizuri sana."

Askari wetu alishika kiuno, akashindwa kujizuia. Alipopata pumzi akauliza, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anawaamsha mafundi wa Gikondo. Kabla hajazaliwa, magari ya watu yalikuwa hayatengenezwi kwa wakati."

"Na tabia?"

"Amembeba mama yake mpaka mama akaomba kushuka."

Ndege ikapita juu, ikielekea kutua, na kwa kitambo hakuna aliyesikia kitu. Ilipokwisha kupita, Baba alifunua kapu. Jogoo alitoka taratibu, akanyoosha shingo, akawaangalia watu wa upande ule mmoja mmoja. Halafu akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, akadonoa kamba ya kiatu chake akidhani ni mnyoo.

"Mmemwona?" Baba akasema. "Ameshaanza kumsalimia baba mkwe."

"Mzee, inatosha!" yule bwana akapiga kelele. "Mchukueni binti! Mchukueni na mdogo wake!"

Tulirudi na mitetea miwili, weupe, wenye shingo nyeusi kama wamevaa skafu. Kwenye teksi Baba aliongea njia nzima, akirudia majibu yake na mengine ambayo hakupata nafasi ya kuyatoa. Tulipokaribia nyumbani akaangalia nje.

"Mama yako angecheka sana leo," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu msiba. Nilimshika mkono, na dereva, ambaye alikuwa amesikiliza yote, akazima redio.

Mmoja wa mitetea aliatamia mwenyewe, na safari hii karibu mayai yote yalianguliwa. Wale wa Kanombe walikuja kwa chakula cha mchana kuwaona wajukuu. Jambo la ajabu lilikuwa rangi: majike yote ya asali kama baba yao, madume yote meupe kama mama yao.

"Mabinti wamefuata upande wetu," Baba akatangaza kabla wageni hawajaketi. "Wanabaki hapa."

"Basi vijana ni wetu," afande akasema. "Na wakikua watataka wake. Tutakuja kuposa."

"Njooni. Lakini hapa hatuna binti, tuna mihogo tu."

Wakaanza upya, wamesimama katikati ya vifaranga, kila mmoja ameshika chupa ya Fanta kama kipaza sauti. Isombe, kisamvu chetu, ilikuwa inapoa. Mimi na mke wa afande tuliwaangalia, tukaangaliana, tukavuta sahani zetu tukala.