Futi Mlangoni kwa Mshonaji

Mshonaji alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, ana nyumba yake na cherehani yake. Seremala aliyekuwa akimposa alikuwa na thelathini na sita. Sasa niambie, nani asingeshtuka? Mwenyewe alikuwa wa kwanza kushtuka.

"Mdogo wangu, fungua macho," dada yake alimwambia. "Mwanamume na nguvu zake, wasichana wamejaa mtaani, aje kwako? Huyo anaitaka nyumba. Wewe ni nyongeza."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Ijumaa alitakiwa kutoa jibu, na moyo wake, tusifichane, ulikuwa umeshasema ndiyo. Alimpenda yule bwana, na ndiyo maana alimchunguza kama askari. Akisifia paa, mshonaji ananuna. Akiuliza kiwanja kinaishia wapi, usingizi unapotea.

Alhamisi alitoka kununua uzi, akarudi na kumkuta seremala amechuchumaa mlangoni kwake, futi mkononi, anapima ngazi za kuingilia. Ndoa bado, mwenzake ameshaanza kupima!

"Unapima nini, fundi?"

"Kazi tu, fundi mwenzangu," akasema, akaikunja futi upesi.

Upesi ule ndio uliomchefua. Akaamua kumtegea mtego hapo hapo. "Usijisumbue. Nyumba hii ni ya ndugu za marehemu. Nikiolewa tu, wanaichukua."

Akamkazia macho aone uso utabadilika vipi. Seremala alikuna kidevu.

"Basi tutakaa kwangu," akasema. "Na ndicho nilichokuwa napimia. Ukija kwangu unapanda kwa kushika ukuta. Hapa hushiki. Nikasema nikutengenezee ngazi za kimo hiki hiki."

Mshonaji hakuwa amempa mtu yeyote habari ya goti lake linalomsumbua, hata dada yake. Akaona haya, kisha roho ikamtua, akajisikia mwepesi kama msichana.

"Nimekudanganya," akasema. "Nyumba ni yangu."

"Najua." Seremala alikuwa akijipangusa vumbi. "Dada yako aliniambia kitambo, siku aliyokuja kuniuliza nakutakia nini."

Kumbe alijua! Mtego wote ule aliuona, akaupita pembeni. Basi lile jibu lake tamu halikuthibitisha kitu, na roho iliyotua ikapaa tena. Usiku huo mshonaji alimlaani dada yake kimoyomoyo mpaka akachoka.

Ijumaa alikwenda kwa seremala. Ngazi zilikuwa tayari, mbao bado zinanukia. Akapanda, mikono ameifunga nyuma kwa makusudi, na goti halikulalamika. Pale juu akageuka, akamtazama yule bwana kuanzia kichwani hadi miguuni. Bado hakumwamini sawasawa.

"Nimekubali," akasema. "Lakini hati ya nyumba itakaa kwa dada."

"Ikae," seremala akajibu. "Shuka tena, nione kama hushiki ukuta."