Écho ya shingo ya mama mukwe: nilidhani itanisafisha jina

Wakuu, amani kwenu. Hii nimeiishi mwenyewe hapa Bukavu, sikusimuliwa. Asiyeamini aende uzi mwingine, sitamushika mukono.

Mama mukwe wangu alitoka Kavumu kuja kukaa kwetu. Akaanza kuumwa: mifupa, mawe ya figo yanarudi kila mara, uchovu, hata kutwanga majani ya sombe anashindwa.

Huku kwetu mutu akiumwa hivyo na ugonjwa haujulikani, watu wanasema moja tu: karuho. Sumu ya pole pole.

Na nani anapika? Mimi!

Hakuna aliyeniambia usoni. Lakini maman mukwe akaanza kutaka nionje kila sahani mbele yake. Bwana yangu naye kila jioni anarudi "ameshashiba". Ameshibia wapi? Nililia jikoni, siwafichi.

Tukamupeleka hospitali. Damu ikaonyesha calcium iko juu sana. Docteur akaagiza écho ya shingo, ile picha wanayopiga wenye mimba, kabla ya opération.

Maman akawaka:

"Écho? Miye muzee hivi, mimba itatoka wapi? Tena ya mu shingo!"

Hata mimi nilikuwa na mashaka. Mifupa ndiyo inauma, wao wanatafuta shingoni? Nikasema hapa kuna muchezo.

Siku ya écho nikamuvuta bwana yangu aingie na sisi, aone kwa macho yake. Docteur akapaka ile mafuta ya baridi, akapitisha kifaa pole pole, akakisimamisha.

"Iko hapa."

Kitu cheusi kama punje ya maharagi, nyuma ya tezi ya shingo, kushoto chini.

Akatueleza: shingoni kuna vitezi vine vidogo vinavyopanga calcium ya mwili. Kimoja kimevimba, kinaitoa calcium mifupani na kuimwaga kwenye damu. Damu ilishataja ugonjwa. Écho inaonyesha mahali, ili asifungue shingo nzima akitafuta.

Nikauliza kwa sauti, bwana yangu asikie: "Docteur, hii inaletwa na chakula?"

"Hapana, maman. Hata kama ungepika nini."

Wakuu, nilitaka kucheza palepale! Jioni ile bwana yangu alikula kwangu, akaomba na ya kuongeza.

Opération ikaenda vizuri, kilikuwa palepale écho iliposema. Maman akarudi na nguvu zake. Nikapika bukari, ule ugali wetu, na samaki wadogo wa sambaza. Jirani akaja kumupa pole, nikamusikia maman anamueleza:

"Docteur alinitolea karuho. Ilijificha mu shingo, bakaiona ku televizyo."

Nikaweka sahani mezani.

"Onja kwanza," akaniambia.

Nikamutazama bwana yangu. Mukono wake ulikuwa umesimama juu ya bukari. Alikuwa anangoja.

Haya, funzo. Mugonjwa wako mifupa ikimuuma na mawe hayaishi, omba wapime calcium kabla ya kutafuta mulozi jikoni. Ila musidhani picha itawasafisha jina.

Mulioolewa, na nyinyi wanaume pia, semeni ukweli: ungekuwa mimi ungefanya nini? Nawasoma. Niko jikoni, naonja.